"I work" au "I am working"? Tafuta kosa lako kwa dalili

Karibu kila mtu aliyekulia kwenye Kiswahili analeta malalamiko yaleyale, kwamba sheria anazijua, mtihani wa kujaza nafasi anapata vizuri tu, ila akishika simu amwandikie bosi au akiingia kwenye intavyuu zinachanganyika zote. Chanzo kikubwa hakiko kwenye Kiingereza, kiko kwenye -na- yetu. Ukisema "baba anafanya kazi bandarini" inaweza kuwa ndo ajira yake ya miaka yote na sahivi kalala zake nyumbani, na inaweza kuwa ndo yuko hukohuko muda huu kavaa helmeti yake. Kiswahili hakisumbuki na hilo, msikilizaji anajiongeza. Kiingereza hakimwachii msikilizaji hiyo kazi, lazima uchague "works" au "is working" kabla hujafungua mdomo.

Shuleni zinaitwa simple present na present continuous. Mimi hapa ntaziita tensi ya kawaida na tensi ya -ing, tusipoteze muda. Nenda moja kwa moja kwenye dalili inayofanana na kosa lako, ila anza na hivi vipimo viwili maana nitavirudia sana.

Vipimo vya kuanzia

Wengi tulifundishwa kutafuta neno "now" au "every day" kwenye sentensi. Kwenye karatasi ya mtihani kinasaidia kwa sababu mtunga mtihani kakuwekea kusudi. Kwenye maisha sentensi nyingi hazina hilo neno, na hata likiwepo linadanganya: "Now I understand" ni sahihi kabisa, "I need it now" ni sahihi, na zote zina "now" na hazina -ing. Kwa hiyo achana nalo, pima kwa Kiswahili chako mwenyewe.

Kipimo cha "niko". Chukua sentensi yako ya Kiswahili, weka "niko" au "yuko" mbele kama tunavyoongea mtaani. "Niko nakula", inakaa. "Yuko anapika", inakaa. "Niko najua", hapana, sikio linagoma. "Yuko anataka maji", inagoma. Ikikaa, nenda kwenye -ing. Ikigoma, tumia ya kawaida. Kizuri ni kwamba kinatenganisha hata vile vitenzi ndugu vinavyosumbua watu: "niko nasikiliza" inakaa ndo maana tunasema "I am listening", "niko nasikia kelele" haikai ndo maana tunasema "I hear a noise". "Niko naangalia" na "niko naona" ni hivyohivyo.

Kipimo cha "-ga". Badilisha -na- iwe "huwa", au kama unaongea kama watu wa kanda ya ziwa weka -ga mwishoni. "Baba huwa anafanya kazi bandarini", "baba anafanyaga kazi bandarini", maana imebaki ileile, kwa hiyo "My father works at the port". Sasa jaribu kwa "baba anaoga", huku unamjibu mtu aliyempigia simu. "Baba anaogaga" inakuwa taarifa nyingine kabisa, na ya aibu kidogo. Basi hapo ni "He is having a shower".

Vipimo vyote viwili vikikubali, ruka hadi dalili ya tano.

Dalili ya 1: -ing imejaa kila sehemu

Mifano inayoletwa: "I am having two children", "I am wanting to ask something", "I am not understanding you", "This bag is costing 20,000 shillings", "Tanzania is bordering eight countries".

Sababu inayoongoza ni kwamba mtu ana fomula kichwani kwamba kila -na- ni "am" na -ing. Inayofuata ni ushamba wetu wa kuona -ing ndo Kiingereza kizito, kwamba "I am requesting" inasikika ya msomi kuliko "I request". Halafu kuna wachache wameichukua kwenye masikio, maana Kiingereza cha India kinaruhusu -ing kwenye vitenzi vingi ambavyo Uingereza na Marekani wanavikataa, na video nyingi za masomo mtandaoni zinatoka huko. Anayesema "I am having two brothers" kwao anaeleweka na hakuna anayemshangaa. Wewe kama unaandikia NECTA au KCSE utakatwa.

Kagua hivi kwanza: kipimo cha "niko". "Niko nina watoto wawili" hamna mtu anaongea hivyo. "Niko nakuelewa", hapana. "Mkoba uko unauzwa elfu ishirini", unaweza kulazimisha ila bei sio tendo linaloendelea. Zote zinarudi kwenye kawaida: "I have two children", "I don't understand you", "This bag costs 20,000 shillings". Vitenzi vya familia hii sio vingi, ni vya kujua, kupenda, kumiliki na kuwa kwenye hali: know, understand, believe, remember, want, need, like, love, hate, own, belong, cost, contain, seem, mean. Kariri hivyo tu, vingine vitakuja vyenyewe.

Jiografia ndo inaumiza wanafunzi sana hapa kwa sababu Kiswahili kinasema "Tanzania inapakana", "mto unatiririka", na mkono unaandika -ing bila kufikiri. Mipaka haipo kwenye mchakato. "Tanzania borders eight countries." "The Rufiji flows into the Indian Ocean." "Kilimanjaro stands 5,895 metres above sea level." Mlinzi getini ndo "is standing", maana zamu ikiisha anaondoka, mlima hauna zamu.

Ukishazoea hapo ndo unaingia kwenye vitenzi vyenye sura mbili, na hivi sio vya kukimbilia. "Have" ikiwa na maana ya kumiliki haitaki -ing. Ikiwa na maana ya kula, kuwa na kikao au kufanya jambo, inakubali: "I'm having lunch". Na kuna maana nyingine ya kuzaa, "She's having a baby" ni mjamzito anasubiri siku. Kwa hiyo ukimwambia daktari wa London "I am having two children" ujue unaweza kupewa hongera ya mapacha.

"See" nayo ina mtego. "I see your sister" ni namwona pale kituoni. "I am seeing your sister" ni tuna uhusiano, na umemwambia kaka yake. "I'm seeing the doctor tomorrow" ni miadi, hiyo haina shida. "Think" ikiwa ni maoni haina -ing, "I think it's expensive", ikiwa kweli umekaa unawaza inakubali, "I'm thinking about your offer". Na "be" yenyewe: "He is rude" ndo tabia yake, "He is being rude" ni leo tu kaamua kuwa hivyo, ina nafuu kidogo.

Lazima mtu aulize kuhusu McDonald's na "i'm lovin' it" yao ya tangu 2003. Ni tangazo. Waingereza na Wamarekani wenyewe wanasema "I'm loving this weather" wakimaanisha nafurahia hapahapa sasa, ni lugha ya maongezi, ipo na inakua. Kwenye barua ya kazi usiipeleke.

Dalili ya 2: "Am" imesimama peke yake au imekaa pasipo pake

"Am coming", "Am at home", "I am work in a bank", "I am agree". Zinafanana kwa macho ila ni magonjwa matatu.

La kwanza ndo limejaa kwenye meseji zetu, "Am" bila "I". Chanzo ni sikio. Anayeongea haraka anasema "I'm" na sisi tunasikia "am", afu Kiswahili chetu "naja" tayari kina mimi ndani kwa hiyo kichwa hakioni kama kuna kitu kimepungua. Kagua kirahisi tu, sentensi yako ikianza na "Am" na mwisho haina alama ya kuuliza, imekosa kichwa. Andika "I'm". Usitegemee simu ikurekebishie, mara nyingi kibodi inakagua spelingi na "am" ni neno halali, inaweza kukuacha upite nalo hadi kwa HR.

La pili, "I am work", mtu kafanya "am" ndo "na" yenyewe: ni-na-fanya, I-am-work. Hapa una njia mbili za kutoka na zote halali, toa "am" ibaki "I work", au acha "am" uongeze mkia, "I am working". Ipi? Rudi kwenye vipimo. Kisichoruhusiwa ni kubaki katikati.

La tatu, "I am agree". Watu wanaiweka kundi moja na "I am happy" na "I am ready", wakati "agree" ni kitenzi. "I agree", basi. Likikanushwa ni "I don't agree", sio "I am not agree".

Dalili ya 3: "My father work", "She don't know", "Does she works"

Hii fupi. Kitenzi chetu kinabadilika mbele: nafanya, unafanya, anafanya, nyuma pamebaki vilevile. Cha Kiingereza kwenye tensi ya kawaida kinabadilika nyuma na ni kwa mtu mmoja tu, yule asiye mimi wala wewe. Kwa hiyo mkia unasahaulika, na ukiukumbuka unauweka mara mbili. Sheria ya kukagua ni moja, -s inakaa sehemu moja tu kwenye sentensi. "She works." Ukileta "does" imeshaibeba yenyewe, "Does she work?", "She doesn't work".

Kwenye maswali angalia pia mlango unaoingilia. Ya -ing inaingia na "are" au "is", ya kawaida inaingia na "do" au "does". "Are you working?" au "Do you work?" Ukiona "Do you are" au "Are you work" ujue umeingia milango miwili kwa pamoja.

Dalili ya 4: Unaeleza picha au mtu, na Kiingereza kinatoka "he has worn"

Hii ndo naiona haifundishwi kabisa, na ndo inawaangusha hata watu wenye Kiingereza kizuri. Mtoto kapotea sokoni unaenda kutoa taarifa: "Amevaa fulana nyekundu, amebeba begi." Mtu anatafsiri -me- kama alivyofundishwa, "He has worn a red T-shirt, he has carried a bag". Kumbe Kiingereza hapo kinataka -ing: "He is wearing a red T-shirt, he is carrying a bag".

Sababu ni kwamba kuna vitendo ambavyo Kiswahili kinavihesabu vimeisha ukishaingia kwenye hali, na Kiingereza kinavihesabu bado vinaendelea muda wote uliomo kwenye hiyo hali. Ukishakaa, umekaa. Kwa Mwingereza ukishakaa bado "you are sitting" hadi uinuke. Chukua picha hii: bibi amekaa kwenye mkeka, amevaa khanga, ameshika kikombe cha kahawa, ameegemea ukuta, pembeni mjukuu amelala na paka amejikunja miguuni. -na- haipo hata moja. Kwa Kiingereza karibu yote ni -ing: "The grandmother is sitting on a mat, she is wearing a khanga, she is holding a cup of coffee, she is leaning against the wall, her grandchild is sleeping next to her and a cat is lying at her feet".

Kipimo cha "niko" hapa hakifanyi kazi, nakwambia mapema. Tumia kipimo hiki: je -me- yako inaeleza mkao wa mwili, kuvaa, au kushika? Amesimama, amelala, amepiga magoti, amening'inia, amevaa, amebeba, ameshikilia. Kama ndio, weka -ing.

Na usirudi nyuma ukaweka -na- kwa nguvu. "Anavaa shati" ni yupo anaingiza mikono, "He is putting on a shirt". "Anakaa" ni anajishusha kwenye kiti, "She is sitting down", au ni anaishi, "anakaa Temeke", "She lives in Temeke". Neno moja, safari mbili.

Kundi lingine la -me- halitaki -ing wala "has", linataka sifa tu: nimechoka "I'm tired", nimeshiba "I'm full", amelewa "he's drunk", ameolewa "she's married", mlango umefungwa "the door is closed". Na kundi la kichwani linataka tensi ya kawaida: nimeelewa "I understand", nimekumbuka "I remember", amefanana na baba yake "he looks like his father". Ukiandika "he is looking like his father" kosa ni lile la dalili ya kwanza limejificha huku.

Angalizo la kufa mtu, kwa maana halisi: "amekufa" sio "he is dying". "He is dying" ni yu mahututi, anakata roho, bado yupo. Aliyekufa "he is dead" au "he has died", na kwa heshima "he has passed away". Hii ikikosewa kwenye simu ya kwenda kwa ndugu walioko nje, watu wanatafuta tiketi ya kuja kumwona mgonjwa.

Dalili ya 5: Zote mbili zinakubali, ila mtu anakuangalia vibaya

Hapa sarufi iko sawa, maana ndo imehama. "Niko nafanya kazi Dodoma" inakaa, "nafanyaga kazi Dodoma" inakaa. Kiingereza kinauliza kitu kimoja tu, hayo mambo umeyaona kama yametulia au ni ya kupita? "I work in Dodoma" ndo maisha yangu. "I'm working in Dodoma" kuna mradi, kuna mkataba wa miezi, kuna siku narudi. "I live with my aunt" tumezoeana. "I'm living with my aunt" natafuta chumba.

Kwenye intavyuu sehemu ya kwanza kuchemsha ni hapa. Swali linakuja "What do you do?", nalo halina neno "kazi" popote, mtu anasikia "unafanya nini" anajibu "I am waiting for the interview". Alikuwa anaulizwa kazi yake. "What do you do?" ni unafanya kazi gani, "What are you doing?" ni unafanya nini hapo. Vivyo hivyo "Where do you come from?" jibu lake ni "I come from Mbeya". Ukijibu "I am coming from Mbeya" amekuelewa ndo unashuka kwenye basi.

Ukimwandikia mtu barua ya kumpendekeza, andika "She works hard". Ukiandika "She is working hard" msomaji anaanza kujiuliza zamani alikuwaje. Kitu kidogo lakini nimeona mtu akiulizwa swali kwa ajili ya hicho.

Barua za maombi zenyewe zina mchanganyiko wake. Ufunguzi unatumia -ing, "I am writing to apply for the post of accountant", kwa sababu ndo unachofanya unapoandika. Ila maneno ambayo kuyasema ndo kuyatenda yanakaa kwenye kawaida: "I apologise", "I promise", "I agree", "I confirm". Pima, "niko naahidi", utajiona mwenyewe.

Dalili ya 6: Sentensi ina "tangu" na kila unachoweka kinagoma

"I am living here since 2015." "I am knowing him for ten years." "I work here since January."

Acha kuchagua kati ya hizi mbili, hakuna inayofaa. Sisi "naishi hapa tangu 2015" inatosha na -na- yetu, Kiingereza kikiona jambo limeanza nyuma na bado lipo kinadai "have": "I have lived here since 2015" au "I have been living here since 2015", zote sawa. Kwa vile vitenzi vya dalili ya kwanza ni moja tu, "I have known him for ten years". "Since" inafuatwa na mwanzo, mwaka au siku au tukio. "For" inafuatwa na urefu wa muda. Kosa hili halijifichi, tafuta "since" na "for" kwenye maandishi yako yote kabla hujatuma.

Dalili ya 7: Unaongelea kesho

Habari njema, hapa -na- yetu inaelekea njia moja na Kiingereza. "Kesho nasafiri", "I'm travelling tomorrow", mpango wako wa binadamu unachukua -ing. Kitu chenye ratiba kinachukua kawaida, "The bus leaves at six", "The match starts at four". Na hapo kwenye saa kuwa makini, basi la saa kumi na mbili asubuhi kwao ni "six", mpira wa saa kumi jioni ni "four", tensi inaweza kuwa sahihi na abiria akaachwa.

Kosa lililozoeleka ni kwenye "nikifika". Watu wanaandika "When I will arrive I will call you" au "When I am arriving". Baada ya when, if, before, after, until, ukiwa unaongelea tukio lijalo, tumia ya kawaida tu: "When I arrive, I'll call you". -ki- yetu haina ta ndani yake, na yao haina "will".

Madogomadogo

"Always" na -ing zinakutana mtu akiwa anamlalamikia mwenzie: "He is always borrowing money", kila saa anakopa huyu. Ukiwa hulalamiki tumia kawaida, "He always borrows books from the library". Ukimsifia bosi "You are always calling me" amesikia unamchoka.

Mtangazaji wa mpira anasema "He shoots, he scores!" na mpira unachezwa muda huohuo, kwa nini haweki -ing? Kwa sababu tendo limeisha kabla hajamaliza neno. Vichwa vya magazeti navyo vinatumia tensi ya kawaida. Usijifunzie tensi kwenye komentari.

Spelingi: "writting" na "comming" hazipo, ni "writing" na "coming", e inatoka na hakuna kinachoongezeka. Herufi inajirudia kwenye vifupi kama "sitting", "running", "stopping". "Lie" inakuwa "lying". Kwenye -s, "goes", "watches", "studies", lakini "plays".

Hapa acha kujirekebishia

Meseji, barua ya kazi, posti, hata intavyuu, jipime mwenyewe. Kuna sehemu ukikosea tensi hurekebishiwi, unaandikwa hivyohivyo.

Kwa daktari. "I don't drink" ni sinywi pombe maishani. "I'm not drinking" ni siku hizi nimesimama, na daktari atauliza kwa nini. "I take tablets for blood pressure" ni dawa za kila siku, "I'm taking antibiotics" ni dozi inayoisha. Anayekupanga kwa ajili ya ganzi anatumia hayo majibu. Kama huna uhakika sema kwa Kiswahili na uombe mkalimani, hospitali za Marekani na Uingereza zina utaratibu wa wakalimani usiolipia, na mtoto wako anayejua Kiingereza cha shule sio mkalimani.

Uhamiaji, ubalozi, maombi ya hifadhi. "I live in Britain" na "I am staying in Britain" kwenye fomu ni madai mawili tofauti, moja makazi, jingine ugeni. "I work there" kwa mtu mwenye visa ya kutembea ni tatizo ambalo hakuna somo la sarufi litakalolitoa. Hapo nenda kwa wakili au mtafsiri anayetambuliwa, na usisaini maelezo ambayo hujasomewa kwa lugha yako.

Kiapo mahakamani na mikataba. Kiingereza cha mikataba kina "shall" zake na wakati uliopo wake wenye uzito wa kisheria, "the tenant pays" na "the tenant is paying" haviwezi kubadilishana. Ukimpelekea mtafsiri maelezo yako ya Kiswahili msaidie kwa kuondoa -na- zenye utata: palipo na mazoea andika "huwa" au hu-, palipo na jambo la muda andika "kwa sasa" na tarehe litakapoisha. Akikurudishia kazi, soma hizo sehemu kwanza.